Nani Alimwaga Maji

9 Machi

Shangazi, shikamoo.

Salamu nakupa kwa sababu nimelelewa, na aliyenilea ni wewe, kwa hiyo usije ukasema nimeanza na ukali. Huku sote tu wazima. Mke wangu anakusalimu. Mtoto ameanza kuota meno na anayajaribu kwa kila anachokishika, pamoja na bega langu. Shule imejaa vumbi, maji bwenini yanatoka kwa zamu, na mkuu wa shule amenibwagia vidato viwili vya fizikia baada ya mwenzangu kuhama.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Simu umeizima. Nikipiga kwa fundi viatu jirani yako, ananiambia umetoka, na nyuma yake nasikia ukikohoa. Basi nimeshika kalamu.

Mdogo wangu ameungua uso na mikono katika karakana yako ya mishumaa, na habari nimezipata kwa mtu baki. Chiriku wangu, ambaye tangu utotoni alikuwa hawezi kunyamaza hata akiwa anapiga mswaki, nasikia amelazwa na hasemi. Nataka uniambie ilivyokuwa, hatua kwa hatua, bila kunizungusha. Halafu nataka karakana ifungwe, na mdogo wangu akitoka hospitali aje akae kwangu. Marehemu baba alikuachia sisi watoto. Hakukuachia utuyeyushe pamoja na nta.

Mwanao,
Mwalimu


21 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nafurahi mtoto ana meno. Akikuuma tena umwambie ni salamu za bibi yake. Mimi mgongo unanisumbua na paa la karakana limeungua upande mmoja, nimeliziba kwa bati la kuazima. Mpangaji wa chumba cha nyuma amehama, anasema anasikia harufu ya nta mpaka kwenye mto wake.

Simu nimeizima kwa sababu ukinipigia unafoka, ukimaliza kufoka unakata. Kwenye karatasi utanisubiri nimalize. Haya, nisubiri.

Unajua tunavyofanya kazi. Sufuria ya nta inakaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, na moto uko chini ya maji. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofanya tangu wewe ukiwa unatambaa, na sijawahi kuunguza hata kucha. Lakini njia hiyo ni ya polepole. Ukaja wewe likizo na kipimajoto chako cha mshale, na kikaratasi chenye mwandiko wako mzuri: "Koka mpaka mshale ufike themanini, kisha mimina." Tukashangilia. Nikajiambia, kama kuna kitu cha kunichungia joto, maji ya nini tena? Siku ile nilikuwa na oda kubwa ya hoteli. Sufuria ya maji nikaiondoa, nta nikaiweka juu ya moto wenyewe. Hilo nimefanya mimi, na sikuombi radhi kwa hilo kwa sababu wewe siye uliyeungua.

Mshale ukapanda vizuri, ukafika hamsini na nane, ukagoma. Nikaongeza kuni, haukutikisika. Nikaongeza tena, uko palepale. Nikasema, huyu naye ametuletea kitu kibovu. Nikakichomoa nikakitupa rafuni, nikaongeza kuni nyingine kwa hasira, nikageukia meza ya kukata tambi za mishumaa. Chiriku alikuwa pembeni yangu akinisimulia ugomvi wa fundi viatu na mteja wake, na tulikuwa tunacheka. Moshi mweupe ukatoka. Tulipogeuka, sufuria ilishashika moto. Halafu yakawa yaliyokuwa.

Kipimajoto chako kiligoma, Mwalimu. Kaa na hilo.

Na mimi nina swali. Kitanda chake kiko karibu na dirisha, na pembeni kuna kiti cha mgeni. Kiti hicho nakikalia peke yangu. Mbona hujaja?

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi, shikamoo.

Tuko salama. Mtoto anahara kidogo, ni meno. Mitihani ya muhula imeanza na nina madaftari mpaka uvunguni mwa kitanda. Nitakuja ikiisha.

Kipimajoto hakikugoma. Nitakueleza kama ninavyomweleza mtoto wa kidato cha kwanza, na tafadhali usije juu kabla ya kufika mwisho.

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno, hazionekani kwa jicho. Nta ikiwa imeganda, chembe zake zimeshikana, kila moja iko mahali pake inatetemeka tu. Ukiipa joto, zinatetemeka kwa nguvu zaidi, na hicho ndicho mshale unachokipima: mtetemeko huo. Lakini ikifika wakati wa kuyeyuka, nishati ya moto inaacha kuongeza mtetemeko. Inatumika kuzibandua chembe zilizoshikana, ili ziweze kuteleza. Kuni zinaungua, joto linaingia, na mshale unasimama, kwa sababu kazi inayofanyika si ile inayopimwa na mshale. Mpaka bonge la mwisho liyeyuke. Hapo hakuna tena cha kubandua, moto wote unaingia kwenye mwendo wa chembe, na joto linapanda mbio. Wakati huo wewe kipimajoto umekitupa rafuni na umejaza kuni za hasira.

Na ile sufuria ya maji uliyoidharau ndiyo iliyokuwa inakulinda miaka yote. Maji yakianza kuchemka joto lake halipandi tena, hata uyakokee msitu mzima. Joto la ziada linatumika kuzitenga chembe za maji kabisa, zinaondoka kama mvuke. Nta iliyokaa ndani ya maji yanayochemka haiwezi kupata moto wa kuilipua. Uliondoa mlinzi, Shangazi, kwa sababu ya oda ya hoteli.

Kuna jambo hukuliandika, na nimeisoma barua yako mara nyingi nikilitafuta. Nta ikishika moto ndani ya sufuria, inaungua ndani ya sufuria. Hairuki. Mtu anafunika, moto unakosa hewa, unakufa. Wewe unaniambia paa limeungua. Daktari ameniambia kwa simu kwamba Chiriku amerushiwa nta inayowaka kuanzia kidevu mpaka kwenye nywele. Nta haifiki kwenye paa mpaka mtu aimwagie maji.

Nani alimwaga maji?

Mwalimu


2 Mei

Mwanangu, marahaba.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na mgonjwa. Ametoka hospitali wiki iliyopita. Mkono wa kulia unakunjika, wa kushoto bado mgumu. Nyusi hazijaota, na shavu limebaki na rangi mbili. Anakula vizuri. Kusema, hasemi. Akitaka chumvi anainyooshea kidole. Birika likianza kutoa mvuke anaondoka chumbani, anaenda kusimama uani mpaka niliepue. Sikumuuliza chochote, na wewe usinifundishe namna ya kumuuliza.

Fundi viatu anakusalimu. Amechoka kudanganya kwamba nimetoka.

Chembe zako nimezijaribu. Nimerudisha sufuria ya maji, nikachukua nta kidogo, nikakiokota kile kidude chako rafuni, nikasimama juu yake kama polisi. Kweli, kilisimama. Kipande cha mwisho kikawa kidogo kama kidonge, kikapotea, na mshale ukaondoka. Kwa hiyo una haki, na nakuandikia kwamba una haki, kata hiyo sentensi uiweke kwenye fremu.

Sasa niambie, mwenye haki: haya yote ulikuwa unayajua siku unaandika kile kikaratasi? Kuongeza mstari mmoja tu, "mshale utasimama, usiogope, usiongeze kuni," wino ungekuishia? Uliandika maneno machache kwa sababu uliona hayo mengine hatuyawezi. Ulituona sisi ni wa kukoka na kumimina. Darasani kwako unaeleza mpaka kengele inalia, lakini nyumbani kwenu unaacha amri na kupanda basi.

Karakana sifungi. Chiriku haji kwako mpaka atake. Na mitihani ya muhula, kama bado naijua shule, iliisha zamani.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi, shikamoo.

Wote wazima.

Kuhusu kikaratasi nimekusikia. Sitabishana na hilo. Lakini naona umeandika kurasa mbili nzuri za kunisuta na swali langu umelipiga chenga. Unajitia hamnazo, na mimi nakujua. Ukitaka kuficha kitu unaanza kusifia fundi viatu.

Nitakuandikia kilichotokea, maana kwangu hakina fumbo. Maji ni mazito kuliko nta. Yakimwagwa juu ya nta inayowaka, yanazama mpaka chini, na chini kuna joto zaidi ya mara mbili ya lile linalochemsha maji. Chembe za maji zinapokea nishati yote kwa mkupuo, zinaachana, zinakuwa mvuke. Lita moja inakuwa mvuke wa kujaza mapipa makubwa manane. Mvuke huo unataka nafasi na juu yake kuna nta inayowaka, kwa hiyo unaibeba na kuitawanya, na kila tone linaloruka linashika hewa na kuwaka. Ndivyo lilivyoungua paa. Ndivyo alivyoungua mdogo wangu.

Mtu mzima aliyeyeyusha nta maisha yake yote, na kifuniko kiko pembeni, anachukua ndoo ya maji! Kwa papara tu. Kwa papara ileile ya kuondoa sufuria na ya kutupa kipimajoto. Umezeeka, Shangazi, na hutaki mtu akwambie.

Nakupa nafasi ya mwisho. Andika kwa mkono wako kwamba ulimwaga wewe, yaishe. Ukikaa kimya nitawaambia ukoo mzima, kuanzia kwa baba mdogo, kwamba ulimuunguza mtoto wa marehemu kaka yako na sasa unamficha ndani ili asiseme.

Mwalimu


6 Juni

Mwanangu, marahaba.

Waambie. Anza na baba yako mdogo, yeye hana kazi, atakusaidia kusambaza. Mwambie pia mke wa mjomba, huyo atatia chumvi mpaka ikolee. Mimi nitakaa hapa nikikata tambi.

Kwamba nilimwaga mimi sitaandika. Kwamba sikumwaga mimi pia sitaandika. Ukitaka kujua shingo ngumu umeirithi wapi, ndiyo hiyo.

Chiriku amekubali kuja kwako. Sikumshawishi. Nilimwonyesha barua yako ya kwanza, mahali uliposema aje, hizi nyingine hajaziona na hataziona. Aliisoma, akaenda kutoa begi. Atafika Jumamosi jioni, kwa basi linalotoka huku asubuhi. Usimwangalie shavu kwanza, mwangalie macho. Mkeo amtengee chumba ambacho hakiko karibu na jiko. Ana dawa ya kupaka, apake baada ya kuoga, na asikae juani.

Nakuomba kitu kimoja, na unajua si kawaida yangu kukuomba. Akianza kusema, msikilize. Meza mate, uma ulimi, fanya unavyojua, lakini umwache amalize.

Shangazi yako


24 Juni

Mwalimu,

Leo sina marahaba ya kumpa mtu.

Chiriku amenipigia kupitia simu ya fundi viatu. Nilipoisikia sauti yake nilikaa chini, maana sikuwa nimeisikia tangu siku ile tunacheka. Alikuwa analia. Ameniambia alivyofika, na kwamba jioni ile alikwambia akiwa bado amesimama mlangoni na begi mkononi. Alikwambia: "Kaka, maji nilimwaga mimi. Ulisema palipo na maji moto hauna nguvu." Na wewe ukamjibu: "Mimi sikusema hivyo. Hukunielewa."

Haya. Sasa nitasema mimi.

Nilikuwepo. Ilikuwa likizo, mezani kwangu. Ulikunja kikombe cha karatasi, ukakijaza maji, ukakiweka juu ya mshumaa niliouumba kwa mikono yangu, na karatasi haikuungua. Chiriku alipiga makofi. Ukavimba kama mcheza mazingaombwe. Ukasema, "Maji yanakula joto lote. Palipo na maji, moto hauna nguvu." Neno kwa neno. Nilikuwa nakumenyea chungwa.

Siku ya moto mimi nilikimbilia kifuniko. Kilikuwa upande wa pili, nyuma ya masanduku ya hoteli. Nikasikia ananiita, "Shangazi rudi nyuma, kaka amesema maji!" Nilipogeuka, ndoo ilishakuwa juu. Alimwaga ili mimi nisiungue. Sasa umejua.

Na nadhani ulijua. Miezi yote hii ulikuwa unaniuliza swali ambalo jibu lake ulikuwa nalo. Ulikumbuka kile kikombe, na ukaogopa. Ndiyo maana kiti cha hospitali hukukikalia, ndiyo maana madaftari hayakwisha. Ulitaka niandike "ni mimi" ili ulale. Mimi nisingeandika uongo, maana siku moja angekuja kuusoma na kujua kwamba namwona hana akili ya kubeba jambo lake. Na ukweli nisingeuandika pia, kwa sababu ni wake, na kwa sababu nilitaka abaki na kaka. Nilikubali kutukanwa na wewe, na baba yako mdogo kaja hapa kunitukana kwenye kizingiti changu, na nikampa maji ya kunywa. Nilivumilia nikijua kwamba akipata nguvu atakwambia mwenyewe, na wewe utamwambia, ndiyo mdogo wangu, nilisema. Maneno manne. Mimi nimefunga mdomo miezi minne. Wewe umeshindwa kuufunga kwa dakika moja.

Sina haja na radhi yako, iweke. Nenda chumbani kwake sasa, usingoje kumaliza kuikunja barua hii. Mwambie ulisema. Mwambie ulichosema kilikuwa nusu, na umpe nusu ya pili, yote, kama unavyowapa watoto wa watu. Usipofanya hivyo usiniandikie tena, wala salamu usitume.


30 Juni

Shangazi, shikamoo.

Sijui kama utaniitikia. Mtoto hajambo.

Nilienda palepale, barua ikiwa bado mkononi. Alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia, "Nilisema. Shangazi alikuwepo, na hata asingekuwepo, nilisema." Hakunitazama. Akauliza, "Nusu ya pili ni ipi?"

Nikakaa sakafuni nikamweleza. Nilimwambia kikombe hakikuungua kwa sababu moto wa mshumaa ni mdogo na maji yalikuwa mengi, yakawa yanalichukua joto polepole na kuliondoa kwa mvuke, kwa hiyo joto la karatasi halikupata nafasi ya kupanda. Kwenye sufuria ilikuwa kinyume chake: maji machache ndani ya joto kubwa, hayakupata muda wa kuondoka taratibu. Nikamweleza yanavyozama, yanavyoachana, yanavyotaka nafasi. Nikamweleza kifuniko, mchanga, kuondoa kuni. Aliniuliza kama kila chembe inapata nishati yake kwa wakati mmoja. Nikasema karibu hivyo. Aliniuliza kwa nini ngozi yake iliendelea kuungua hata baada ya moto kuzimika. Nikamwambia nta ikigandia kwenye ngozi, chembe zinapokamatana tena zinairudisha ile nishati ziliyoichukua zikiyeyuka, na inarudi mahali zilipogandia. Hakulia. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayehesabu kitu.

Nilipomaliza akasema, "Ungeanza na hii."

Akaenda jikoni, mimi nikamfuata kwa mbali. Mke wangu alikuwa amebandika birika. Chiriku alisimama mlangoni, mvuke ulipoanza kutoka hakuondoka. Akaliepua mwenyewe kwa kitambaa, akamimina chai, akampa mke wangu, akamimina yake. Vikombe vilikuwa viwili.

Anarudi kwako Jumamosi ya wiki ijayo kwa basi la mchana. Anasema anarudi kazini, na kwamba masanduku yahamishwe, kifuniko kikae karibu na jiko. Nilimwambia abaki, chumba ni chake, nitamtafutia chuo cha huku. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikatiza hata neno, kisha akasema hapana.

Baba mdogo nimemwandikia ukweli. Atakuja kwako kuomba radhi, umfungulie au usimfungulie, ni juu yako.

Mpokee kituoni, begi ni zito na mkono wa kushoto bado haushiki vizuri. Nilimwomba nimsindikize angalau mpaka kwenye basi. Amesema ameshamwomba mke wangu.

Mwanao